Chumvi Juu ya Ruwenzori

Tarehe 24 Mei 1888, kusini mwa Ziwa Albert, kijana mmoja wa msafara wa Henry Morton Stanley alimwonyesha bwana wake mlima wa mbali, akamwambia kwamba umefunikwa na chumvi. Stanley akautazama, akatambua kuwa ile ni theluji. Miaka miwili baadaye, katika kitabu chake *In Darkest Africa*, aliitangazia dunia kwamba Milima ya Mwezi, ambayo wanajiografia walikuwa wakiichora kwa kukisia tangu siku za Ptolemaio, imeonekana. Wenzake wawili, daktari Parke na Jephson, walikuwa wameiona theluji hiyohiyo mwezi mmoja kabla yake, lakini sifa ilimwendea yeye. Kijana wa chumvi hatumsikii tena.

Wasomaji wengi humpita kijana huyo haraka, wakimhesabu kuwa alikosea. Mimi naona anastahili kusikilizwa. Katika nchi iliyo chini ya Ruwenzori, chumvi ilikuwa mali. Ile ya Katwe, kwenye ziwa dogo la magadi kaskazini mwa Ziwa Edward, ilivushwa kwa mitumbwi na kubebwa migongoni hadi kwa watu waliokaa mbali sana, na watawala waligombana kwa ajili yake. Aliyezoea kuona weupe ukipimwa sokoni ataliona jambo la sokoni hata kwenye kilele. Stanley naye alikuja na mazoea yake: alitafuta kilichoandikwa na Wagiriki, akakiona. Miaka 40 kabla yao, tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann alipouona weupe wa Kilimanjaro akiwa njiani kwenda Uchagani, kiongozi wake alimwambia ile ni baridi tu. Rebmann akaandika theluji. Kule London mwanajiografia Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kufika, akabisha kwa miaka mingi kwamba haiwezekani.

Chumvi, theluji, baridi: wote walikuwa wapita njia, na kila mmoja aliona kile alichofundishwa kukitafuta. Swali langu ni la mtu anayefika leo kwa siku chache Beni au Butembo, Kivu ya Kaskazini, akiwa na mlima upande wa mashariki na soko mbele yake. Afuate mapokeo yapi ya kutazama? Kwa sababu yapo zaidi ya moja, na hayalingani kwa wema wala kwa manufaa.

Nianze na yale yenye nguvu zaidi vitabuni, mapokeo ya kilele. Juni 1889, Stanley aliporudi akifuata bonde la Semliki pamoja na gavana Emin Pasha, Luteni William Stairs alipanda mlimani na Waunguja kadhaa mpaka zaidi ya futi 10,000, akarudi na majani na maua ambayo Emin aliyatambua kwa majina ya kisayansi. Tarehe 18 Juni 1906, Luigi Amedeo di Savoia, mwanamfalme mwenye cheo cha Duke wa Abruzzi, alifika juu kabisa, penye mita 5,109, akakiita kilele hicho Margherita kwa heshima ya malkia wa Italia. Kilele jirani akakipa jina la Alexandra, malkia wa Uingereza. Mwaka 1932 Wabelgiji wakaja kwa upande wa Kongo, wakiongozwa na Xavier de Grunne. Ramani ya Ruwenzori leo imejaa wageni: Stanley, Speke, Baker, Gessi, Emin. Anayepanda kutoka Mutwanga, mji mdogo ulio kwenye miguu ya mlima mashariki ya Beni, hupita vibanda vya Kalonge, Mahangu na Kyondo, na hapo majina ya wenyeji yanakoma. Juu yake ni wafalme na wapelelezi.

Sipuuzi kazi hiyo. Picha alizopiga Vittorio Sella kwenye msafara wa Abruzzi mwaka 1906 ndizo zinazotuwezesha kujua kiasi cha barafu iliyopotea. Kati ya 1987 na 2003 eneo la barafu ya Ruwenzori lilipungua kutoka kilomita za mraba 2 hivi hadi chini ya 1, na hakuna dalili kwamba litarudi. Asingekuwapo mgeni aliyepima, wenyeji wa Semliki wangelijua jambo hilo kwa mito tu. Lakini mapokeo haya yana kasoro ambayo imeenea hadi kwenye vijitabu vya watalii: mji ni mahali pa kununulia maji na kulala usiku mmoja kabla ya safari yenyewe. Beni na Butembo, ndani ya masimulizi hayo, ni kizingiti. Wakonzo waliobeba mizigo ya Abruzzi mpaka kwenye barafu wanaonekana kama migongo, na watu wa bondeni hawaonekani kabisa.

Wenyeji nao wana mapokeo yao kuhusu mlima huohuo, na ndani yake hakuna ziara. Kwa Wakonzo wa Uganda na ndugu zao Wanande wa Kongo, watu wanaojiita kwa pamoja Wayira, Kitasamba hukaa juu kwenye theluji, na mkewe ni Nyabibuya. Mlima una mwenyewe. Mtu halazimiki kufika anapokaa mwenye mji ndipo aamini kwamba yupo. Inatosha kulima kwa adabu mbele ya macho yake. Wakikuyu walikuwa na msimamo unaokaribiana na huo kwa Kirinyaga, makao ya Ngai, na Jomo Kenyatta alipoandika kitabu cha mila zao mwaka 1938 alikiita *Facing Mount Kenya*: kuuelekea mlima, si kuupanda. Wachaga wako karibu zaidi na jiko. Wanasimulia kwamba Mawenzi alikuwa akienda kwa Kibo kuomba moto, mpaka siku Kibo alipochoka akampiga, na ndiyo sababu Mawenzi ana mapengo hata leo. Katika hadithi hiyo vilele viwili ni majirani wanaokosana juu ya makaa. Naipenda kwa sababu imeutazama mlima kwa sheria za nyumbani: nani anaomba, nani anatoa, na ombi likizidi inakuwaje.

Lakini mapokeo ya mwenyeji nayo hayakubaki kwenye ibada. Tarehe 30 Juni 1962, Isaya Mukirania na wenzake walitangaza Rwenzururu kujitenga na ufalme wa Toro, na theluji, iliyomo ndani ya jina hilo, ikawa bendera ya watu waliochoka kutawaliwa kwa dharau. Serikali ya Uganda iliutambua ufalme huo mwaka 2009, chini ya mwana wa Mukirania, Charles Wesley Mumbere. Upande wa Kongo theluji hiyohiyo imeingia kwenye biashara: wakulima wa kahawa wa miteremko ya Ruwenzori katika wilaya ya Beni wana chama cha ushirika kinachoitwa Kawa Kanzururu, na jina hilo huenda na magunia mpaka ng'ambo. Kijana wa 1888 angewaelewa mara moja.

Hapo ndipo nafika kwenye mapokeo ninayoyatetea, ya safari kama watu wa Bahari ya Hindi walivyoijua. Mwaka 1331 Ibn Battuta alipofika Mogadishu alieleza jinsi vijana walivyokuja kwenye jahazi na sahani za chakula, kila mmoja akijichagulia mfanyabiashara na kutangaza kwamba huyu ni mgeni wangu. Tangu saa ile mgeni alilala kwa mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia. Kisha akashuka Mombasa akalala usiku mmoja tu. Usiku mmoja! Na bado ametuachia kwamba watu wake walikuwa wacha Mungu, kwamba misikiti yao ilikuwa ya mbao na imejengwa vizuri, kwamba mtu alinawa miguu mlangoni kabla ya kuingia, kwamba walikula ndizi na samaki, na kwamba nafaka yao ilitoka bara ya pwani kwa sababu kisiwani hawakulima. Aliuliza chakula kinatoka wapi. Sijui swali bora kwa mtu mwenye usiku mmoja.

Waswahili walioandika baadaye walilichukua jicho hilo. Katika *Safari za Wasuaheli*, mkusanyiko uliotolewa na Carl Velten mwaka 1901, Salim bin Abakari anasimulia alivyokwenda Urusi na Siberia mwaka 1896, na maelezo yake yanashika nauli, vyakula, mavazi, namna watu wanavyosalimiana na namna walivyomkodolea macho yeye, mtu mweusi katika nchi ya baridi. Mfanyabiashara wa pembe Tippu Tip, alipoyasimulia maisha yake, alizipima siku zake kwa frasila za pembe, kwa mikataba, kwa nani alimkaribisha na nani alimfungia njia. Mandhari kwake hayana nafasi kubwa. Aliyekupokea ana nafasi kubwa.

Ni lazima niseme pia ubaya wake, maana mapokeo haya yamepita katika ardhi ya Beni yakiwa na bunduki. Tippu Tip ndiye aliyefanya mkataba na Stanley mwaka 1887, wakasafiri kwa meli moja kutoka Unguja kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi mdomo wa Kongo. Katika msitu wa Ituri, magharibi ya Semliki, watu wa wakuu wa misafara, Ugarrowwa na Kilonga-Longa, walivunja vijiji, wakachukua pembe na wanadamu. Kiswahili kinachosikika leo kwenye masoko ya Beni na Butembo pamoja na Kinande kiliingia mashariki ya Kongo kwa njia ya misafara hiyo, kikaenea baadaye kwa migodi, misheni na jeshi. Kwa hiyo ninaposema tufuate jicho la msafara, nasema jicho bila kiboko: utaratibu wa kumtaja mwenyeji, kuuliza bei, kuuliza njia, na kujua kwamba umepokelewa. Mwenye kuandika kwa Kiswahili kuhusu nchi hii anadaiwa uangalifu huo zaidi ya mwingine.

Jicho hilo linafaa hapa kwa sababu ya namna miji hii ilivyo. Butembo iko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwenye bega la magharibi la Bonde la Ufa, karibu kabisa na Ikweta, na bado asubuhi watu wanavaa makoti. Wakoloni waliifanya kituo cha kampuni ya madini ya Minière des Grands Lacs. Haikukuzwa na serikali. Wanande ndio waliopeleka mboga na maharage ya nyanda za juu za Lubero hadi Kisangani, wakaingia kwenye kahawa na dhahabu, kisha wakaanza kuvuka bahari: Dubai, Hong Kong, Guangzhou. Mizigo hushuka Mombasa, hupita Uganda, huvuka mpaka kati ya Mpondwe na Kasindi, hukata kilomita 80 hivi hadi Beni, na nyingine 54 hadi Butembo. Swali la Ibn Battuta kwa Mombasa linapata jibu refu hapa, na nusu ya jibu hilo linapita Mombasa yenyewe.

Serikali ya Mobutu ilipodhoofika, wafanyabiashara wa Butembo walichanga kutengeneza barabara na kuhudumia kiwanja cha ndege cha Rughenda. Mwaka 1989, chini ya Askofu Emmanuel Kataliko, kikaanzishwa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben. Kataliko aliliongoza jimbo hilo tangu 1966 hadi alipopelekwa Bukavu mwaka 1997, na watu bado wanamtaja kama mtu aliyewafundisha kujenga bila kungoja Kinshasa. Timothy Raeymaekers, mtafiti wa Ulaya aliyekaa na wafanyabiashara hao na kuandika juu yao kitabu mwaka 2014, hakuficha upande mwingine: wakati wa vita, mikataba ya ushuru na makundi yenye silaha nayo ilikuwa sehemu ya biashara. Wapo waliotajirika na wapo walioumizwa na utaratibu uleule. Hata hivyo mgeni anayepita kwenye mitaa ya Butembo, katikati ya pikipiki na mikokoteni ya mbao iliyojaa viazi, anaona mji ambao wenyewe wanaweza kukwambia nani alitoa nini ili ukuta fulani usimame. Huyo mwenye kukueleza ndiye mlima wa kutembelewa.

Beni iko chini zaidi, joto zaidi, kwenye ukingo wa msitu. Asubuhi isiyo na ukungu Ruwenzori inaonekana kutoka huko, kisha mawingu yanaifunika. Hapo kuna kakao, mawese, mbao, kahawa. Na hapo, tangu Oktoba 2014, wakulima wamekuwa wakiuawa kwa mapanga na bunduki, Oicha, Mbau, Eringeti na kwingineko, mauaji ambayo mengi yanahusishwa na ADF, kundi lenye asili ya Uganda. Kakao huiva, mwenyewe anaogopa kwenda kuivuna, mwingine anaivuna. Mei 2021 serikali ilitangaza hali ya kuzingirwa katika mkoa mzima, na Novemba mwaka huohuo jeshi la Uganda likavuka mpaka kuungana na lile la Kongo. Mauaji hayakukoma.

Katika hali hiyo yamezaliwa mapokeo ya nne ya mgeni, mapya na yenye magari mengi: ziara ya dharura. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa, ikianzia Mangina, magharibi ya Beni. Ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ilikuwa imewapata watu 3,470 na kuwaua 2,287. Wataalamu walikuja kwa majuma machache machache, wakaandika taarifa, wakaondoka, wakaja wengine. Walifanya kazi kubwa. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa, na bila chanjo hiyo sijui ni nani angebaki Katwa, huko Butembo. Lakini taarifa nyingi zilimwonyesha mwenyeji kama kikwazo. Watu waliitwa wakaidi. Swali walilokuwa wakiuliza kwa sauti, Beni na Butembo, halikupata ukurasa wake mpaka mambo yalipoharibika: tunachinjwa tangu 2014 na hamkuja, kwa nini mmekuja sasa kwa ugonjwa huu mmoja? Desemba 2018 uchaguzi wa rais uliahirishwa kwao kwa kisingizio cha Ebola na usalama, sehemu nyingine za nchi zikapiga kura, na rais mpya akaapishwa kabla zamu yao haijafika. Wakazi wa Beni walijipangia foleni na kupiga kura zao za mfano, huku wakinawa mikono, ili waonekane kwamba wapo. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikachomwa Februari 2019. Aprili mwaka huo daktari Richard Mouzoko, Mkameruni wa Shirika la Afya Duniani, aliuawa Butembo akiwa kazini. Mgeni aliyekuja kuponya akafa mikononi mwa watu wenye silaha, katika mji ambao desturi yake ni kumkaribisha mgeni. Hilo ni jeraha la pande zote mbili, na silitaji ili kumtetea yeyote aliyelisababisha.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ebola ilidumu karibu miaka miwili, na naamini wengi wa wageni hao hawakuwahi kuombwa jembe wala kulitafuta. Walikaa kwenye hoteli na ndani ya magari, wakamjua mwenyeji kupitia orodha ya waliogusana na wagonjwa. Ibn Battuta kwa usiku mmoja alijua watu wananawaje miguu.

Wenyeji nao walikuwa na orodha yao. Padri Vincent Machozi, mtawa wa shirika la Kikatoliki la Waasumisioni na mtoto wa nchi hiyo, alikuwa akikusanya na kutangaza habari za mauaji ya Beni na Lubero: nani amekufa, wapi, siku gani. Machi 2016 aliuawa kwa risasi karibu na Butembo. Kazi yake naiweka kwenye uhakiki huu kwa makusudi, sambamba na vitabu vya Stanley na De Filippi, aliyeandika kitabu cha msafara wa Abruzzi. Wao waliandika mita na majina ya malkia. Yeye aliandika majina ya wakulima. Ukinitaka niseme ni maandishi yapi kuhusu nchi ya Ruwenzori yenye uzito zaidi, nitakuonyesha orodha za padri huyu.

Sasa mgeni mwenyewe amebadilika sura. Goma, makao makuu ya mkoa, ilipotekwa na waasi wa M23 Januari 2025, serikali ya mkoa ikahamia Beni, na maelfu ya watu waliokimbia vita vya kusini mwa Lubero na kutoka vijiji vya Beni wamejaa mijini. Wengi wao hawako kambini. Wako kwenye nyumba za watu, Bulengera na Kimemi za Butembo, Mulekera na Bungulu za Beni, familia mbili tatu chini ya paa moja, bugali moja na sombe moja kwa wote. Hawakuja kwa ziara fupi na hawajui watakaa hadi lini. Wanaowapokea hawana taarifa ya kuandika kwa yeyote. Ningependa kusoma kitabu cha safari kilichoandikwa kutoka ndani ya nyumba mojawapo, kwa Kinande au kwa Kiswahili cha huko, na mwenyeji ndiye mwandishi: alifungua mlango saa ngapi, aligawaje vyumba, unga ulipanda bei kiasi gani mwezi ule, na mgeni alipoanza kushika jembe alilima shamba la nani.